Taarifa ya Mweka Hazina

Ndugu Mwenyekiti, wanachama,
nanyi wageni mliofuata harufu ya kitunguu saumu
mkaingia bila kadi:
mwaka tumeufunga na shilingi elfu arobaini na moja na mia tano,
tukidai sahani sita ambazo hazijarudi.

Chama cha Marafiki wa Italia, Dodoma, kina watu ishirini na wawili.
Waliofika Italia ni wawili,
na mmoja wao aliishia uwanja wa ndege.
Sisi wengine tunaipenda kwa mbali,
kama mtu apendavyo mvua ya kijiji cha jirani.

Januari alikuja Nyemo Chidong'oi kutoka Hombolo
na vipande vya mzabibu ndani ya gunia bichi.
Alisoma kwao, milimani, miaka mitatu.
Kule, alisema, baridi huulaza mzabibu usingizi.
Hapa jua halimbembelezi mtu,
kwa hiyo tunaukata.
Kisu ndicho kipupwe chetu.
Akatukatia mmoja mbele ya macho,
shina likatoa chozi moja, akalifuta kwa kidole gumba.
(Nauli ya mtoa mada: elfu nane.)

Aprili, Athumani Kidunda, fundi wa Majengo,
aliisukuma Vespa ya marehemu baba yake hadi katikati ya ukumbi.
Akaivua ubavu.
Mtazameni Muitaliano, alisema,
kaificha injini ili sketi ya dada isichafuke.
Adabu nayo ni ufundi.
Ikawaka kwa teke la tisa. Tulikohoa hadi saa mbili.
Petroli lita moja, risiti ipo.

Juni, upepo ule wa vumbi na baridi,
tulitandaza shuka ukutani tuone opera.
Mwanamke wa Kiitaliano, mgonjwa, anaimba amelala,
sauti inapanda, inapanda,
tukainuka nayo kwenye viti vya plastiki,
umeme ukakatika.
Kimya.
Ndipo Mbeho, muuguzi wa Makole, akasema gizani:
Hicho ni kifua kikuu. Dozi miezi sita, bure.
Angeimba hadi uzeeni.
Tukacheka.
Akawataja wawili wa mtaani kwetu walioacha dozi njiani,
tukaacha kucheka.
Umeme ulirudi saa saba usiku, tumeshalala.
Hadi leo mke wa Ndahani hunisimamisha sokoni:
vipi yule mgonjwa wetu?
Namjibu anaendelea vizuri.
Hilo halimo vitabuni.

Agosti tulimwomba mama yangu, Sechelela, atoe mhadhara.
Akaomba unga.
Miaka kumi na tisa alipika kwa masista kule Mlowa.
Aliumwaga mezani, akachimba kisima katikati,
akavunja mayai saba bila kutuangalia,
akakanda hadi bangili zikanyamaza.
Mtu akauliza habari za polenta.
Ni ugali, alisema,
ila wao huuacha upoe, kama watu wasio na njaa.

Nilimuuliza tukiosha sufuria: hukutamani kufika?
Sista Ernesta, alisema, alinisimulia kijiji chake
kila siku tukimenya viazi.
Mtini nyuma ya kanisa. Kaka yake mwenye jicho moja.
Nikienda leo nitakuta wamekibadilisha.
Akakung'uta maji mikononi.
Sista amelala Mlowa, chini ya msalaba wa saruji;
mama hupalilia pale kila Novemba,
na kwa gharama hiyo hajawahi kutudai.

Mwisho, Ndugu Mwenyekiti, suala la darasa la lugha.
Mwezi wa kumi na nne huu, bado tunakwama kwenye salamu.
Jioni ile nilimsindikiza mama nyumbani.
Mbuzi walikuwa wameingia kwenye mtama wa jirani.
Basta! alipiga kelele, mara moja tu,
na wote kumi na mmoja wakasimama,
majani yakining'inia midomoni.

Naomba kuwasilisha.